Nunua Gari, Usinunue Mapambo

Msomaji, yamkini huna leseni ya kuendesha gari, na pengine hata baiskeli unayopanda kwenda shuleni ni ya kaka yako. Lakini najua kwamba moyoni umekwisha kununua motokaa. Rangi yake umekwisha kuichagua. Sauti yake umekwisha kuisikia usiku, taa za bweni zikiwa zimezimwa. Picha yake umeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako, nayo si motokaa ya kubebea ndizi wala ya kumpelekea nyanya yako hospitali. Ni motokaa ya mbio, fupi ya kimo, pana ya mabega, yenye bawa nyuma mithili ya ndege ambaye hakujaliwa kuruka. Sikulaumu. Nilipokuwa na umri wako nami nilikuwa nayo moja ya namna hiyo, nikaiendesha miaka minne bila ya kuichoma tone moja la petroli. Nataka kugombana nawe juu ya jambo moja tu, na nataka tugombane sasa kabla hujaanza kupokea mshahara, kwa sababu mtu akisha kupokea mshahara haambiliki.

Siku hiyo itakapofika, motokaa utakayoinunua itakuwa imekwisha tumiwa na mtu mwingine. Sisemi hivi kwa kukudharau. Nasema hivi kwa kuwa ndivyo tununuavyo wengi wetu katika Kenya. Magari mengi mno yashukayo katika bandari ya Mombasa yametumika kwanza Japani, na kanuni zetu haziruhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo zile motokaa za mbio za zamani ambazo vijana huzipenda kuliko zote haziji tena kwa meli. Huuzwa humu humu nchini, kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono huacha alama yake. Mwenyewe wa kwanza alichagua vitu kiwandani. Wa pili alichagua vitu kwa fundi. Wa tatu alizunguka maduka ya vipuri katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akachagua vyake. Wewe utakuwa wa nne, nawe utatakiwa kulipia chaguo zao wote.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu. Muuzaji atakuambia, na rafiki zako watamwitikia, kwamba gari lililoongezwa vitu vingi ndilo gari bora. Kwamba mwenyewe amekwisha kumwaga fedha juu yake nawe unaokota tu. Mimi nasema kwamba maneno hayo ni uongo uliovaa nguo nzuri. Fedha alizomwaga mtu hazimo tena ndani ya gari. Kilichomo ni kazi iliyofanywa, na kazi hiyo yaweza kuwa njema au mbaya. Na wewe, uliyesimama uani mwa watu na ufunguo mkononi, moyo ukikudunda, huwezi kuijua kwa kuitazama.

Lakini nataka kuwa mwadilifu. Vipo vitu ambavyo motokaa ya mbio ni heri izaliwe navyo, maana kuvitia baadaye ni ghali au ni muhali. Gia ni mojawapo. Difu ni nyingine, nayo yataka maelezo kidogo. Gari likipinda kona kwa kasi, gurudumu la ndani hupungukiwa na uzito, nalo huanza kuteleza. Difu ya kawaida ina tabia ya ajabu: gurudumu likiteleza, nguvu za injini hukimbilia huko huko kunakoteleza, kama maji yatafutavyo bonde, na gurudumu la nje lililoshika barabara vizuri huachwa mikono mitupu. Difu yenye kujifunga huuzuia upotevu huo. Kitu hicho hakionekani kwa nje, hakipigwi picha, wala hakuna msichana aliyegeuza shingo kwa ajili yake. Nacho kina thamani kuliko mabawa kumi. Ziweke pamoja nacho breki kubwa zilizotoka kiwandani, na viti vinavyomshika dereva asisukwesukwe. Kwa vitu hivi, msomaji, lipa zaidi kidogo wala usijute.

Mfano wake tunao mlangoni petu. Subaru Impreza ya aina ya WRX na ile iitwayo STI hufanana kwa mbali kama ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao imo katika gia, difu, breki na springi. Zile STI zilizoundwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 aghalabu zina gia sita, na WRX za wakati huo za gia za mkono zina tano. Mwenye STI alilipa zaidi kiwandani, na alipata kitu. Lakini tazama tufanyavyo sisi. Kijana hununua WRX, au hata Impreza ya kawaida isiyokuwa na turbo, kisha huenda dukani akanunua herufi tatu za rangi ya waridi kwa bei ya chakula cha mchana, akazibandika nyuma. Miaka miwili baadaye huliuza gari lile pamoja na zile herufi, na bei ya herufi imepanda kuwa maelfu ya shilingi! Ukionyeshwa gari la namna hiyo, usizisome herufi. Kaa kitini, kanyaga klachi, uhesabu gia.

Hata chaguo za kiwandani si zote za kupokewa kwa mikono miwili. Kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilianza mwaka 2001 kutia breki za kauri katika baadhi ya magari yake ya aina ya 911. Ni breki hodari, nyepesi, na hazichoki upesi kwa joto. Mnunuzi wa kwanza huzilipia fedha nyingi. Mnunuzi wa pili huzipata kwa bei nafuu, maana katika soko la magari yaliyotumika vitu vya ziada hupoteza thamani mapema kuliko gari lenyewe. Basi mnunuzi wa pili hushangilia. Hushangilia mpaka siku atakapoambiwa kwamba diski zimekwisha, na bei ya kuzibadili ni bei ya gari jingine zima la kuendea kazini. Vivyo hivyo dirisha la paa, paa la kujikunja kwa umeme, springi za hewa na viti vyenye mota sita. Kila kitu kilichoongezwa katika gari ni kitu kitakachoharibika siku moja, na bei ya kukitengeneza haipungui kwa sababu wewe ulikinunua kwa bei ya mtumba.

Wajapani wenyewe walilijua jambo hili. Toyota ilipoanza kuuza motokaa yake ndogo ya mbio iitwayo 86, mwaka 2012, iliuza pia nchini Japani aina moja iitwayo RC, iliyokuwa maskini kuliko zote. Haikuwa na mashine ya kupooza hewa, bampa zake hazikupakwa rangi, na magurudumu yake yalikuwa ya chuma tupu. Ilikusudiwa watu waliotaka gari zima lisiloguswa, ili wao wenyewe waamue kila kinachotiwa ndani yake. Tafakari maana yake. Watu wanaoyajua magari haya kuliko mtu yeyote walikuwa tayari kulipa ili wasipewe mapambo.

Sasa niruhusu nikueleze habari ya mpwa wangu, ijapokuwa hatafurahi akiisoma. Alipopata kazi yake ya kwanza aliweka akiba miaka mitatu, na si jambo dogo kwa kijana wa Nairobi. Kisha akanunua WRX kutoka kwa mtu mmoja ambaye sitamtaja. Gari lilikuwa na ekzosi kubwa ambayo mkono wangu ungeweza kuingia mpaka kwenye kiwiko, bawa refu nyuma, rimu za inchi kumi na nane, springi zilizokatwa ili liiname, na turbo iliyoongezwa msukumo. Karibu nalo lilisimama jingine la mwaka uo huo, la rangi ya kijivu, lisiloguswa, lenye daftari la matengenezo lililoandikwa tangu mwanzo, kwa bei iliyopungua kwa shilingi laki mbili. Nilimwambia achukue lile la kijivu. Akaniambia, "Mjomba, hilo ni la mwalimu." Na kweli lilikuwa la mwalimu. Mimi mwenyewe ni mwalimu, kwa hiyo nilinyamaza.

Mwezi wa tatu injini ilipasuka pistoni kwenye mlima wa Limuru. Gharama za kuitengeneza zilikula zaidi ya nusu ya bei aliyolinunulia gari, na kwa miezi tisa alipanda matatu akilipa mkopo wa motokaa iliyolala juu ya mawe.

Haikuwa bahati mbaya. Kazi ya turbo ni kusukuma hewa nyingi ndani ya injini kuliko injini ingeweza kuvuta yenyewe. Hewa ikizidi, petroli nayo haina budi kuzidi kwa kipimo, na wakati wa cheche haina budi kurekebishwa. Mtu akiongeza msukumo wa hewa bila ya kuyafuata hayo mengine, mchanganyiko hupata joto kupita kiasi, kisha hulipuka wenyewe kabla ya wakati wake, pistoni ingali njiani. Mafundi husema injini "inagonga". Ni kama kumpiga nyundo ya kichwa mtu anayepanda ngazi. Atavumilia mara moja, mara ya kumi, lakini si mara elfu kwa dakika. Kumbuka tena kwamba injini nyingi za namna hii zilizoundwa kwa soko la Japani zilipangwa kwa petroli bora ya huko, ambayo huuzwa kwa kipimo cha oktane 100 hivi. Petroli tunayouziwa sisi katika vituo vyetu kwa kawaida iko chini ya hapo, na kadiri oktane inavyopungua ndivyo kugonga kunavyokaribia. Injini iliyotoka kwao ikiwa salama imekwisha kupunguziwa akiba yake ya usalama na petroli yetu. Halafu anatokea mtu na bisibisi, anakula akiba iliyobaki, na kazi hiyo huiita maendeleo!

Na hizo nguvu za kuongeza ni za nini? Watengenezaji wa Japani walipatana kwamba wasitangaze motokaa yenye nguvu kupita farasi 280, na mapatano hayo yalidumu tangu 1989 hadi 2004. Najua kwamba baadhi ya injini zilivuka mpaka huo kimyakimya, lakini hilo tuliache. Jambo la kufaa kwetu ni kwamba kwa miaka kumi na tano kampuni zile, zikiwa haziwezi kujisifia tarakimu ya nguvu, zilibidi kushindana katika breki, difu, usukani na uzito. Na motokaa za miaka hiyo ndizo hizo hizo ambazo picha zake zimo katika sanduku lako. Magari ya Japani yalifungiwa pia mwendo usipite kilomita 180 kwa saa. Hapa kwetu kijana hulipa fedha aondolewe kifungo hicho, katika nchi ambayo mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kilomita 110, na mjini 50. Amenunua ruhusa ya kwenda mahali pasipokuwapo.

Sijamaliza na rimu wala springi zilizokatwa. Na hapa, nakiri, hasira yangu huzidi, maana sisi Wakenya ndio tuliopaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Mashindano ya Safari yalianza katika nchi hizi mwaka 1953. Kwa miongo mingi makampuni makubwa ya dunia yalileta magari yao hapa ili barabara zetu ziyahukumu. Datsun 240Z, motokaa ya mbio hasa, yenye uso mrefu na milango miwili, ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Subaru Impreza ilishinda mwaka 1997 na mwaka 2000. Je, magari hayo yalikuja yakiwa yameinamishwa mpaka yakabusu lami? La! Yaliinuliwa. Yalitiwa springi na shokomzoba imara, mabamba ya chuma chini ya tumbo, taa kubwa mbele. Mabingwa wa dunia walifika, wakazitazama barabara zetu, wakaongeza nafasi baina ya gari na ardhi. Kijana wetu, mwenye kupita kila siku matuta yaliyowekwa na wenyeji bila ya kipimo, huikata.

Springi iliyokatwa haina tena safari ya kutosha kupanda na kushuka. Gari likiingia shimoni, tumbo hugonga. Likitoka, gurudumu huruka hewani kidogo, na gurudumu lililo hewani halisimamishi gari wala halipindi. Rimu kubwa huzidisha ubaya. Ni nzito, na uzito ulio magurudumuni haukai juu ya springi, kwa hiyo springi haina uwezo wa kuutuliza. Rimu ikipanda ukubwa, ubavu wa mpira hauna budi kuwa mwembamba, nao ndio uliokuwa ukiikinga rimu na kingo za mashimo. Mpwa wangu alipinda rimu mbili katika wiki sita. Fundi alizinyosha kwa nyundo, akamwambia ziko kama mpya.

Hapo hapo ndipo tupaswapo kumkumbuka Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kukimbizwa na timu ya Volvo katika Safari ya mwaka uliotangulia, likanunuliwa likiwa limetumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa; alijua kulifungua gari, kulisafisha, kukaza kilicholegea na kubadili kilichochakaa. Huyo ndiye mnunuzi wa motokaa iliyotumika ambaye ningependa picha yake iwe katika kifuniko cha sanduku lako. Alimshinda kila mtu kwa gari lenye umbo la mgongo wa kobe, ambalo wewe leo usingekubali kuonekana nalo mbele ya lango la shule.

Utaniuliza: je, hakuna kitu cha kuongeza basi? Kipo. Cha kwanza ni mipira ya magurudumu. Gari zima, pamoja na injini yake na bawa lake na sifa zake, limeshikana na dunia kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kadiri ya kiganja cha mtu. Hakuna breki iwezayo kusimamisha zaidi ya inavyoweza kushika mipira. Lakini hapa pia usiwe mjinga wa upana. Toyota walipoiunda ile 86, waliitia mipira ya Michelin ya upana wa milimita 215, ya namna ile ile iliyotumika katika Prius, gari la kuhifadhi petroli! Wenye majivuno walicheka. Wahandisi walikuwa wamefanya makusudi: gari jepesi lenye mipira ya kiasi humfundisha dereva mapema, katika mwendo mdogo, mwisho wa uwezo wake uko wapi. Mpira mpana mno huuficha mwisho huo mpaka kasi iwe kubwa, na hapo humfunulia mara moja. Nunua mipira mizuri ya kipimo kile kilichoandikwa na kiwanda, minne ya namna moja, usome na tarehe ya kuundwa kwake ubavuni: tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Mpira wa miaka kumi ni mgumu kama kwato hata kama meno yake yangali marefu.

Cha pili ni breki. Nayo haina maana ya kupaka rangi nyekundu vyuma vinavyobana diski, kama nionavyo siku hizi. Maana yake ni pedi nzuri, diski zisizopindika, na mafuta mapya ya breki, kwa kuwa mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakipata joto jingi huchemka na kukuachia pedali laini inayozama mpaka sakafuni. Jambo hili wewe unayesoma fizikia unaweza kulihakikisha kwa kalamu. Nishati ya gari liendalo hukua kwa mraba wa mwendo wake. Mwendo ukitoka kilomita 60 kwenda 120, nishati haiwi mara mbili, huwa mara nne, na umbali wa kusimama nao hufuata. Katika mwendo wa 120 gari hula mita 33 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka kwako, kabla mguu haujagusa pedali, imekwisha kumpita mtoto anayevuka barabara. Mtu aongezaye nguvu za injini na kuziacha breki kama zilivyo ameufanya mraba huo kuwa adui yake, na wa wengine waliomo barabarani ambao hawakuulizwa.

Cha tatu ni kurudisha gari katika hali yake ya asili. Hili watu hawaliiti nyongeza, nalo ni nyongeza kuliko zote. Shokomzoba mpya za kiwanda badala ya zilizolegea, mipira midogo ya maungio ya chini iliyokufa ibadilishwe, mkanda wa ndani wa injini ubadilishwe kwa wakati wake, ambao kwa injini nyingi za Subaru za zamani ni baada ya kilomita 100,000 hivi. Mafuta safi, maji safi ya kupooza. Gari la miaka kumi na mitano lililofanyiwa hayo hubadilika mpaka mwenyewe akadhani ameletewa jingine. Mazda walipoitoa ile Roadster yao mwaka 1989 ilikuwa na uzito wa chini ya tani moja na nguvu za farasi 120 tu, nayo ilipendwa hata kufikia mwaka 2016 motokaa milioni moja za jina hilo zilikuwa zimekwisha kuundwa. Farasi 120! Kuna magari ya kupeleka watoto shule yenye zaidi. Raha yake yote ilikuwa katika wepesi na katika kila kiungo kufanya kazi yake sawasawa.

Najua jibu lako la mwisho. Utasema, "Mwalimu, wewe wahesabu gharama, mimi nataka sauti. Gari ni langu." Basi tuzungumze juu ya sauti. Ekzosi ile kubwa iliyoondolewa vizuizi haiongezi nguvu za maana kwa injini ambayo haikubadilishwa kitu kingine. Inaongeza kelele, na kelele huwafanya watu wadhani kuna nguvu, pamoja na dereva mwenyewe. Saa saba za usiku mtaa mzima huamshwa ili mtu mmoja ajisikie shujaa baina ya tuta moja na jingine. Mtoto mchanga analia, mgonjwa anageuka, mlinzi wa zamu anatukana polepole. Gari ni lako. Masikio ni yetu. Na lililo lako nalo si lako peke yako kama unavyodhani, kwa kuwa ukibadili injini au rangi huna budi kuandikisha mabadiliko hayo, na ukiwaficha watu wa bima kwamba gari limeongezwa nguvu, siku ya ajali wanaweza kukunyima fidia wakiwa na haki mkononi.

Kwa hiyo siku utakapokwenda kutazama motokaa yako, nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Injini baridi haifichi siri kama ile iliyopashwa moto. Ikiwa gari limekuja moja kwa moja kutoka mnada wa Japani, itisha karatasi ya mnada. Huko magari hupewa alama, na herufi R aghalabu ni dalili ya gari lililogongwa likatengenezwa. Uliza vitu vya asili vilivyoondolewa viko wapi: springi, ekzosi, rimu. Mtu mwangalifu huvihifadhi stoo. Mtu asiye mwangalifu hukuuliza wavitakia nini. Uliza nani aliyeongeza msukumo wa turbo, kwa kipimo gani, kwa petroli gani, na risiti iko wapi. Ukijibiwa kwa kicheko, mrudishie ufunguo. Na katika fedha ulizoweka, tenga fungu moja usiliguse katika kununua. Tuseme una shilingi milioni moja na nusu. Tafuta gari la milioni moja na laki mbili, na laki tatu zilizobaki ziende katika mipira, breki, mikanda na mafuta kabla hujampakia mtu mwingine yeyote.

Mpwa wangu bado analo gari lile. Injini ilipotengenezwa alirudisha msukumo wa turbo kama ulivyokuwa, akatafuta springi za asili, akatia rimu ndogo alizozipata kwa mtu aliyekuwa akizitupa. Huenda nalo Nakuru na kurudi bila ya kunipigia simu. Lile bawa alimuuzia kijana mmoja wa Rongai, ambaye alilifunga nyuma ya Toyota ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele, na alilipa bei yote bila ya kuomba apunguziwe hata shilingi.